Sikio la Kushoto

Jumamosi ile soko la vitambaa lilifurika watu hadi milangoni. Mshona mapazia alikuwa amesimama katikati ya njia, gauni la zambarau limemkaa vizuri, mtandio wa samawati umebanwa kwa pini upande wa kushoto. Alikuwa akilinganisha vipande viwili vya kitambaa cha kijani. Nyuma yake, upande huo huo wa kushoto, mkokoteni uliosheheni marobota ulikuwa unakuja kasi, na msukumaji anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Pisha! We dada, pisha!"

Dada hakusogea hata unyayo. Ghafla mkono ukamdaka kiwikoni na kumvuta pembeni, kwa mtu anayenukia sabuni na grisi.

"Dada, umechoka kuishi?"

"Na wewe ndio umechoka kushika vyako mpaka ushike vya watu? Niachie mkono!"

"Nikiuachia utarudi njiani."

Aligeuka akaona magurudumu yakipita juu ya vipande vyake vilivyoanguka. Akacheka, cheko la aibu, na yule mwanamume, fundi wa mafriji mwenye bisibisi tatu mfukoni mwa shati, akaokota vile vitambaa, akavikung'uta, kisha akamwomba namba ya simu. Akapewa. Aliyeshangaa zaidi ni mwenye kuitoa.

Maana mwanamke huyu hakuwa na mazoea na watu. Mtaani walimwita Maringo. Wanamsalimia, anapita, wanamwita, hageuki. Hakuna aliyejua kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu yuko darasa la tatu. Linakauka kidogo, mafua yakija linaanza upya, na harufu yake inarudi nalo. Shuleni mwenzake wa dawati moja aliomba ahamishwe, huku ameziba pua mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo alijifunza kukaa pembeni. Harusini alichagua kiti cha mwisho, na kazini meza yake ilikuwa ile ya ukutani. Mama yake, alipokuwa hai, alimtilia mafuta ya vuguvugu, wakaomba Mungu, ikawa basi. Sasa aliishi peke yake katika chumba kimoja, na vicheko vya majirani vilimfikia kwa mbali, kama vinatoka ndani ya mtungi.

Simu ndiyo iliyomkomboa. Simu hainusi.

"Umekula, malkia?" fundi alikuwa akimuuliza kila jioni.

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nitakulaje na moyo wangu uko huko kwako?"

"Moyo haupiki, fundi. Washa jiko."

Alicheka peke yake gizani, simu ameigandamiza kwenye sikio la kulia mpaka likapata moto. Walipoanza kukutana alihakikisha fundi yuko kuliani, tena si karibu sana. Fundi akimsogelea, yeye anajisogeza.

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi. Nimezoea nafasi yangu tu."

Jioni moja walikuwa wakitembea kando ya barabara kuu. Malori yalipita yakinguruma, na fundi, bila kusema kitu, akahamia upande wa magari ili amkinge. Ukawa ndio upande wa kushoto. Wakaenda hivyo mwendo mrefu. Mshonaji akanyoosha kidole kwenye dirisha la ghorofa moja.

"Ona yale mapazia ya njano. Yamekaa vizuri, sivyo?"

Fundi alisimama kama aliyepigwa kofi. Walipofika getini alimgeukia.

"Huna la kuniambia?"

"Nikuambie nini tena? Lala salama."

Kesho yake simu haikulia. Kesho kutwa pia. Mshonaji aliketi kitandani, akauvua mtandio, akaunusa, na moyo ukamfa ganzi. Amenusa, alijisemea. Alitembea karibu yangu mno, amenusa.

Hakumpigia. Angempigia amwambie nini? Wiki zikapita hata akaisahau sauti yake mwenyewe, isipokuwa kwa wateja: mita ngapi, rangi gani, njoo Ijumaa. Mafua yakamkamata, usaha ukazidi, mto ukawa unalowa. Asubuhi moja alijiangalia kwenye kioo, akaona mtu anayezeeka akijificha. Akaenda kituo cha afya.

Tabibu alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya pole. Alimgusa nyuma ya sikio, akamuuliza kama ana homa, kizunguzungu, au kichwa kinachouma sana. Hakuna. Akachungulia ndani kwa kile kikurunzi chao.

"Ngoma ya sikio imetoboka, mwanangu. Kwa nini umekaa nalo hivi?"

"Naona aibu. Nanuka."

"Ugonjwa ndio unaonuka. Wewe hunuki."

Mshonaji akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka mapajani. Tabibu akamwacha alie, kisha akamfundisha: asokote kitambaa safi cha pamba kama utambi, akiweke taratibu sikioni mpaka kilowe, abadilishe kingine, hivyo hivyo mpaka kitoke kikavu; ndipo atie dawa ya matone. Maji yasiingie. Mafuta marufuku. Baadaye atampeleka kwa daktari wa masikio apimwe usikivu.

Alifuata kila neno. Sikio likakauka, harufu ikaondoka. Siku aliyotoa utambi mkavu alisimama katikati ya chumba akiwa na furaha yake, akagundua hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Hilo lilimuuma kuliko sikio lilivyowahi kumuuma.

Akampigia fundi. Simu ikaita mpaka ikakata. Akavaa, akaenda karakanani kwake.

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa. Amekonda.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja uniambie usoni kwamba nanuka, halafu niende zangu."

"Unanuka nini?" Fundi akainuka. "Mimi nilikuuliza kama utakubali nikuoe, ukaniambia mapazia ya njano yamekaa vizuri!"

"Uliniuliza lini?"

"Siku ile, barabarani! Unanitania?"

"Ukiwa upande gani?"

Fundi akafikiri. "Upande wa magari. Kushoto kwako."

Mshonaji akaketi juu ya kreti, akacheka huku analia. Kisha akatoa pini, akaufungua mtandio, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mtu.

"Hili halisikii. Limekuwa bovu tangu utoto. Tabibu amelikausha, lakini tundu bado lipo, na huenda usikivu usirudi wote. Usije ukasema sikukwambia."

Fundi alimsogelea. Kwa mazoea mshonaji alitaka kujisogeza. Safari hii akajizuia. Fundi akainama kwenye sikio la kulia na kuuliza taratibu.

"Sijasikia," mshonaji alisema.

Akarudia, kwa sauti zaidi.

"Bado."

Fundi akapaza sauti mpaka mafundi wa jirani wakachungulia. "Nasema, utakubali nikuoe?"

Swali lile mshonaji alikuwa amelisikia tangu mara ya kwanza, neno kwa neno. Alitaka tu kusikia tena.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Sasa punguza sauti, watu wanatusikiliza."