Soksi ya Baba na Cheche Iliyogoma

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kiherehere huanika nguo. Baba yake ni dobi, na ua wao mdogo umejaa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, hata mgeni akiingia lazima ainame. Jina hilo alibandikwa na baba mwenyewe, kwa sababu binti huyu hukimbilia kila kazi kabla hajatumwa.

"Kiherehere, mwanangu, hiyo suruali umeianika au umeiadhibu?" baba alimtania asubuhi moja, pasi mkononi.

"Nina haraka, baba! Keshokutwa ni maonyesho ya sayansi."

Ni kweli, kwa wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine. Yeye na rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani, walikuwa wametengeneza mashine ya kuzalisha umeme tuli, yaani ule umeme unaotokea vitu viwili vikisuguana. Vifaa vyote walivipata nyumbani. Walichukua santuri kuukuu isiyopigika tena, sahani bapa ya bati, kikombe cha plastiki na soksi ya baba ya sufu. Kikombe walikigandisha kwa gundi juu ya sahani, kiwe mshikio.

Kuitumia hakukuwa na taabu. Twiga alisugua santuri kwa soksi, akaweka sahani juu yake kwa kushika kikombe, akaigusa sahani kidogo kwa kidole, kisha akaiinua. Kiherehere aliposogeza kidole chake karibu, ta! Cheche ndogo ya buluu iliruka. Siku ya kwanza walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku hiyo mashine ilikuwa kwa akina Twiga, ambaye alikuwa akipaka rangi kisanduku cha kuibebea. Soksi peke yake ndiyo iliyobaki kwa Kiherehere. Jioni aliinusa, akakunja pua. Wazazi wa watu watakuja, nao waoneshwe soksi inayonuka? Haiwezekani! Akaifua kama baba anavyofua nguo za wateja: akaitia sabuni, akaisuuza, akaichovya kwenye maji yenye dawa ya kulainisha nguo, akaianika. Asubuhi ilikuwa imekauka, laini, inanukia maua. Alijisifu kimoyomoyo njia nzima.

Baada ya masomo, Twiga aliiweka mashine mezani, na wanafunzi wakaizunguka kutazama majaribio. Kiherehere akasugua santuri kwa mbwembwe, akaweka sahani, akaigusa, akaiinua. Kimya. Akarudia kwa nguvu zaidi mpaka jasho likamtoka. Si cheche, si nusu cheche. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Mdomo wa Kiherehere ukatangulia. "Twiga, umeiharibu! Umeichezea nyumbani!"

"Mimi? Sahani na santuri sikuzigusa. Nilipaka kisanduku tu."

"Muongo!"

Darasa zima lilisikia. Macho ya Twiga yakajaa machozi. Alichukua mkoba wake akasema taratibu, "Basi, maonyesho ni yako. Mimi simo." Akaondoka.

Kiherehere alirudi nyumbani na mashine, amevimba kwa hasira. Baba alikuwa akipiga pasi magauni ya nailoni. Kila aliponyanyua moja, lilimng'ang'ania mkononi likimgandia kama mtoto asiyetaka kubaki nyumbani.

"Haya magauni yana nini leo?" Kiherehere aliuliza kwa kununa.

"Ni ya yule mama muuguzi. Dawa ya kulainisha humwasha ngozi, kwa hiyo nguo zake sizitii. Zilizotiwa dawa hutulia, wala hazigandani."

Kiherehere aliikumbuka soksi yake. Akakimbia kwenye kapu la matambara, akapekua mpaka akaipata soksi ya pili, ile yenye tundu, ambayo haikuwa imeonja dawa. Akafuta santuri vizuri kwa kitambaa kikavu, akasugua kwa soksi hiyo. Ta! Cheche ikaruka. Akajaribu tena kwa soksi inayonukia maua. Kimya.

"Imepona, baba! Ni ile dawa!" Alirukaruka kwa furaha. Halafu akakumbuka, akaacha kuruka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiharibu. Angeweza kunyamaza, akasema kesho kwamba ameitengeneza. Nani angejua?

Alimsimulia baba yote. Baba akaweka pasi kando. "Mashine imepona," alisema. "Na Twiga je?"

Alikwenda kwa akina Twiga papo hapo. Twiga alimsikiliza akiwa mlangoni, mikono kifuani, asimkaribishe ndani.

"Nisamehe, Twiga. Kosa lilikuwa langu."

"Uliniita muongo mbele ya watu, na sasa unakuja kuniomba radhi kichochoroni?"

"Nitakuomba mbele ya watu walewale," alisema Kiherehere.

Siku ya maonyesho alisimama mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, soksi mbili mkononi, Twiga kando yake. Akaziinua juu. "Jana nilimwita rafiki yangu muongo. Hakusema uongo. Mimi ndiye niliyefua soksi kwa dawa ya kulainisha, na dawa hiyo ndiyo iliyozuia cheche. Twiga, nisamehe." Kisha akawaonesha: kwa soksi laini, kimya, kwa soksi yenye tundu, ta! Watu wakashangilia.

Mwalimu wa sayansi alimshika bega. "Cheche ni nzuri, lakini nimefurahishwa zaidi na hizo soksi mbili," aliwaambia watoto wote. "Kitu kikiharibika, chunguza kwanza kabla ya kumlaumu mwenzako. Na ukigundua kosa ni lako, liseme palepale ulipomwaibishia. Ukweli hauna haja ya kupakwa manukato."

Twiga aliichukua soksi yenye tundu. Alisugua santuri, akaigusa sahani, akaiinua na kuisogeza polepole mpaka kwenye pua ya Kiherehere. Ta!

"Mama wee!" Kiherehere aliruka huku amejishika pua.

"Hiyo ni ya jana," alisema Twiga, akicheka. "Sasa shika kikombe, ni zamu yako."