Ruhusu Maikrofoni

Maiti ya Magreth ilikutwa asubuhi kichakani, jirani na stesheni ya Kigwa. Begi lilikuwa kando yake, limejaa nguo. Tiketi ya treni ya Dodoma ilikuwa bado mfukoni.

"Kanyongwa kwa mikono," daktari alisema. "Lakini alipigana. Kuna ngozi ya mtu chini ya kucha."

"Na hakuporwa kitu," Inspekta Advera akajibu. "Aliyemuua alijua atapita hapa."

Kule Isevya, mjini Tabora, dada wa marehemu, Apolinaria, fundi cherehani, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Nani alijua kwamba anamkimbia mumewe?" Advera alimuuliza.

"Mimi tu, afande. Alikuwa akipigwa. Tulipanga humu chumbani, mlango tumefunga, simu tumezima. Mimi ndiye niliyemwambia apandie Kigwa, maana stesheni ya Tabora anajulikana."

"Hukumwambia yeyote?"

"Hata padri! Na sasa ndugu wananitazama kama mimi ndiye niliyemuuza."

Advera aliiona kompyuta iliyokuwa ikiwaka kando ya cherehani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Shemeji Zablon, huyo mumewe, alinipa. Akaitengeneza niwe natafuta mishono kwa sauti, mikono ikiwa kazini."

Advera aliinama. Kwenye kivinjari kulikuwa na kurasa mbili: mmoja wa mishono, wa pili mweupe mtupu, wenye alama nyekundu ya maikrofoni. Apolinaria aliapa hajawahi kuufungua.

Konstebo Amon, mpelelezi wa makosa ya mtandao, aliuchunguza.

"Ukurasa huu umepewa ruhusa ya maikrofoni, afande. Unarekodi kila neno na kulituma kwenye akaunti ya Zablon."

Zablon alikuwa mwalimu wa kompyuta. Aliingia chumba cha mahojiano na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, akaagiza maji kana kwamba yuko hotelini.

"Uliwasikiliza?"

"Inspekta, vivinjari vyote vinasikiliza! Taja sufuria, uone kama hutaletewa tangazo la sufuria. Wakamateni wenye kampuni."

"Wenye kampuni wana yao ya kujibu. Kivinjari hakikwenda Kigwa kunyonga mtu. Kunja mikono ya shati."

Hakusogea. Amon akamfungua vifungo vya mikono na kuikunja. Mikwaruzo mibichi ilishuka kutoka kwenye viwiko.

"Vipimo vya vinasaba vitasema. Wewe unasemaje?"

Zablon aliinamisha kichwa. "Ningemwacha aende zake. Lakini walinicheka."

"Walikucheka?"

"Magreth aliigiza ninavyojikohoza kabla ya kuongoza sala kanisani. Dada yake akacheka mpaka pumzi zikamwishia. Nimeirudia ile rekodi, nimeirudia. Mbele yangu hafungui mdomo, kumbe ana sauti ya kuniigiza! Pale Kigwa nilimwambia apige magoti aniombe radhi. Akanitazama, akacheka tena."

Advera alimwangalia kama mtu aangaliavyo kupe aliyeshiba. Alikuwa ametarajia wivu, mwanamume mwingine, jambo lolote lenye uzito wa kifo.

"Miaka yote ulimpiga, hukuona haya. Ukachekwa, ukaua." Akasimama. "Mpeleke mahabusu, Amon. Hewa ya humu imechafuka."

Mlangoni Zablon aligeuka. "Hiyo rekodi... itasikilizwa mahakamani?"

"Yote. Mbele ya watu."

Ndipo Zablon, ambaye hakumlilia mkewe, akaanza kulia.