Futi Tatu Chini ya Mabua

Marlys Dreiling alipanga sahani mezani kifudifudi. Mwaka huo ndivyo walivyokula. Ukigeuza sahani kabla chakula hakijaja, unakula vumbi. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, Kansas ya magharibi, na ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Joto la kiangazi lilikuwa linapungua. Mvua haikuonekana.

Galen, mumewe, aliingia akijipiga pajani kwa kofia.

"Usikung'utie hapa," Marlys alisema. "Nimefagia mara mbili tangu asubuhi."

"Shangazi Philomena amepita. Hakushuka hata kwenye gari."

"Anataka nini?"

"Anasema shamba lake ni aibu. Wenzake wa kanisani wameliona. Mabua ya mwaka jana bado yamesimama, ati kama ndevu za mlevi. Anataka lilimwe liwe jeusi kabla ya Jumapili. Tusipolilima, anampa mtu mwingine."

Marlys aliweka bakuli chini. Wao walikuwa na shamba dogo la kaskazini tu. Shamba la kusini, lile kubwa, lilikuwa la shangazi yake Galen, nao walilikodi. Mwaka huo mashamba yote mawili yalikuwa yamepumzishwa bila mazao, yakingoja ngano ya vuli. Bila hilo, kilimo kimekwisha. Galen angekwenda kufanya kazi machinjioni, saa mbili kwa gari kutoka nyumbani.

"Umemjibu nini?"

"Kwamba nitalima kesho. Kusema kweli hata mimi naona aibu. Letu la kaskazini nimelilima mara tatu kiangazi hiki, limekuwa safi kama altare. Lake tumelipiga dawa ya magugu tu, kwa sababu trekta kubwa iliharibika, imetengenezwa juzi tu."

"Usilime bado. Leo alasiri kuna mkutano wa utabiri wa msimu. Twende tusikie kwanza."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mji. Renata Ochoa, bibi shamba wa wilaya, alibandika ramani ukutani. Eneo lao lilipakwa rangi ya kahawia.

"Uwezekano wa vuli yenye mvua haba ni asilimia arobaini na tano," alisema.

Galen alimnong'oneza mkewe, "Basi hamsini na tano ni ya mvua. Tumeshinda."

"Nimekusikia, Galen," Renata alisema. "Hujashinda. Chukua vuli thelathini zilizopita. Kumi zilikuwa na mvua haba, kumi za kawaida, kumi za mvua nyingi. Kama hatujui lolote, kila fungu lina nafasi sawa. Mwaka huu fungu la mvua haba limepanda. La mvua nyingi limeshuka hadi ishirini na mbili. Yanayobaki ni ya kawaida. Na vuli ya kawaida hapa kwetu haiwezi kujaza udongo uliokauka miaka mitatu."

"Kwa hiyo haitanyesha?" mtu mmoja wa nyuma aliuliza.

"Sijasema hivyo. Inaweza kunyesha. Ila usipande kwa kuitegemea. Utabiri huu ni wa kanda nzima. Shamba lako haulijui. Shamba lako kaliulize wewe mwenyewe."

"Kwa mdomo gani?" Galen aliuliza, na watu wakacheka.

"Kwa nondo," Renata alisema. "Kesho asubuhi nitakuja kwako."

Walipofika nyumbani, Marlys alimpigia simu shangazi.

"Shangazi, kesho njoo uone shamba lako."

"Nimeshaliona. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Njoo tu. Baada ya hapo mpe unayemtaka."

Asubuhi walianza na shamba la kaskazini. Nondo ya Renata ilikuwa nyembamba, yenye mpini juu na gololi ndogo ya chuma nchani.

"Hapa hakuna uchawi," alisema. "Udongo wenye unyevu huiachia nondo ipite. Ikifika pakavu, inagoma. Sukuma."

Galen alisukuma. Nondo iliingia kidogo ikagoma. Alilalia mpini kwa kifua hadi uso ukawa mwekundu.

"Nimegonga jiwe."

"Hilo shamba umelilima miaka ishirini," Marlys alisema. "Uliwahi kuona jiwe?"

Walijaribu mahali pengine. Inchi nane. Inchi saba. Inchi nane tena.

"Kila unapolima unaufunua unyevu, na jua na upepo vinaunywa," Renata alisema. "Kulima mara moja tu kunaweza kupoteza nusu inchi ya maji. Wewe umelima mara tatu."

"Nilikuwa nasafisha."

"Ulikuwa unaanika," Marlys alisema.

Galen aliivuta nondo kutoka ardhini, wakaelekea kusini.

Kwenye shamba la kusini, Shangazi Philomena alikuwa amesimama kando ya gari lake, mkongojo mkononi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwembamba, na sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Tazameni uchafu huu," alisema. "Baba yangu angelia."

Galen alinyoosha mkono achukue nondo.

"Nipe mimi," shangazi alisema. "Nisije nikaambiwa hapa palifanyika ujanja."

Alimkabidhi Marlys mkongojo, akaishika nondo kwa mikono miwili, akaiegemea. Nondo ikazama. Shangazi nusura aanguke mbele. Marlys alimdaka kiwiko. Nondo iliendelea kushuka, taratibu, bila kelele, mpaka mpini ukagusa mabua.

"Futi tatu," Renata alisema.

Galen aliichomoa nondo. Nchani palikuwa na udongo mweusi ulionata. Shangazi aliugusa kwa kidole gumba. Ulikuwa wa baridi.

"Haya ni maji ya lini?" aliuliza polepole.

"Theluji ya Machi imo humu," Renata alijibu. "Mabua yaliinasa, upepo ukashindwa kuipeperusha. Zile mvua mbili za Mei nazo zimo. Mabua yaliutia udongo kivuli, na dawa iliua magugu kabla hayajanywa."

"Theluji ile ilinifungia ndani siku tatu."

"Ipo hapa, mama. Umesimama juu yake."

Shangazi alitazama viatu vyake. Aliondoa mguu mmoja kwa uangalifu, kama mtu aliyegundua amekanyaga mashuka ya mtoto aliyelala. Marlys naye aliyatazama mabua. Kila siku alipita kando ya shamba hili akaona mabua makavu tu. Kumbe wakati wote huo, wao wakila vumbi, maji yalikuwa yametulia chini ya miguu yao.

"Futi moja ya udongo huu hushika karibu inchi mbili za maji," Renata alisema. "Hapa mna inchi sita. Vuli yetu nzima mara nyingi haileti hizo."

"Na wale wa kanisani?" shangazi aliuliza. "Watasema nimezeeka, shamba limenishinda."

"Tutawaazima nondo," Marlys alisema.

Shangazi alichukua mkongojo wake. "Galen, hiyo plau ya trekta irudishe bandani. Nikiiona shambani kwangu nitakuchapa mbele ya mkeo."

"Ndiyo, shangazi."

Hawakulima. Walipanda ngano ya majira ya baridi katikati ya mabua. Renata aliwaonyesha jinsi ya kurekebisha mashine ya kupandia ili mbegu ifike inchi mbili na nusu, pale unyevu ulipoanzia. Shamba la kaskazini aliwaambia waliache. Mvua ikilowesha udongo wapande ngano. Isiponyesha, wangoje mtama baada ya baridi kuisha. Galen aliona uchungu kuliacha, lakini aliliacha.

Mvua ilinyesha mara mbili tu vuli ile, na haikulowesha hata kofia. Hata hivyo siku ya tisa baada ya kupanda, ngano ya kusini ilichomoza, mistari ya kijani kati ya mabua ya manjano. Shamba la kaskazini halikupata mvua ya kutosha. Mbegu zao zilibaki salama kwenye magunia.

Katikati ya Novemba Renata alirudi na sepeto. Walichimba shimo pembeni ya mstari mmoja, na Marlys akaingia ndani mpaka kiunoni. Ngano juu haikuzidi urefu wa kidole. Alikwangua ukuta wa shimo kwa kisu cha jikoni, akauona mzizi, mweupe na mwembamba kama uzi. Aliufuata kwa ncha ya kidole. Ulipita usawa wa paja lake. Ulipita goti. Udongo ulizidi kuwa wa baridi na mweusi, na mzizi ulizidi kwenda.

"Umefika mwisho wake?" shangazi aliuliza kutoka juu.

"Bado unashuka," Marlys alijibu. Alijikuta ananong'ona.

Shangazi aliinama akatazama ndani.

"Basi toka ufukie, usije ukaukata," alisema. "Nimewaandikia mkataba wa miaka mitano mingine. Mtapata nafasi ya kuutafuta."