Mahindi Yaliyoamshwa Mapema

Asubuhi, mtafiti alifungua banda la vioo akayakuta mahindi yake yamekufa yakiwa yamesimama. Jana yake yalikuwa kijani kibichi. Sasa majani yamejikunja, makavu kama karatasi ya kufungia vitumbua, na magunzi hayajatia hata punje. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo ndipo Inspekta alipomkuta.

Inspekta alikuwa mama wa makamo ambaye kituo kizima cha polisi kilimwita Shangazi. Alipenda vitendawili kama watoto wapendavyo miwa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nieleze taratibu, kama unamweleza mtu wa darasa la saba."

"Kila mmea una jeni, Shangazi. Chukulia ni taa ndani ya nyumba. Kuingiza taa mpya si kazi sana, kazi ni swichi. Taa isiyozimika humaliza nguvu za mmea bure. Mimi niliingiza jeni ya kukausha, ili shamba lote likauke pamoja kabla mvua haijaozesha mavuno. Jeni hiyo imelala. Kinachoiamsha ni mvuke wa spiriti."

"Spiriti hii ya dukani?"

"Hiyo hiyo. Usiku mmoja unatosha."

"Na ikiamshwa mapema?"

"Mahindi yanakauka bila mbegu. Na mbegu zangu zote zilikuwa humu."

Shangazi alizunguka banda. Kufuli halikuvunjwa. Safu ya mlangoni ilikuwa bado na ukijani kidogo, lakini safu zilizo karibu na feni, upande wa mwisho, zilikuwa zimekauka hadi mizizi. Nyuma ya feni alikuta bakuli la bati lenye harufu kali ya spiriti. Kando yake palikuwa na kifundo cha glavu: moja imegeuzwa ndani nje na kumezwa na mwenzake, na katikati yake pamba. Akakitia kwenye mfuko.

Mkurugenzi wa kituo cha utafiti akaingia akihema. "Unatafuta nini tena? Mlinzi ananuka pombe kutoka hapa hadi barabarani!"

Mlinzi, aliyeitwa Mzee Tochi, aliletwa akiwa ameshika kofia mkononi.

"Ulikunywa, mzee?"

"Nilikunywa, Shangazi. Jino liliniuma."

"Jino lipi?"

"Lile nililong'oa mwaka jana."

Askari wakacheka. Shangazi hakucheka. "Jana jioni nani aliingia humu?"

"Hakuna mgeni."

"Sikuuliza wageni. Nimeuliza watu."

"Aa, basi. Msaidizi aliondoka mapema. Muuguzi, mume wa huyu mama mtafiti, alileta chakula kama kila siku. Mama akatoka mbio, baada ya muda akarudi."

"Mnasikia?" mkurugenzi akadakia. "Hakuna mwingine ila yeye na chupa yake! Mfungeni."

"Chupa yake ilikuwa kibandani, nje ya mlango," Shangazi alisema. "Harufu ya mlangoni ingeanza na mahindi ya mlangoni. Hayo ndiyo yaliyokauka mwisho."

Lakini mkurugenzi aliwapigia simu wakubwa wa polisi, na Mzee Tochi akapandishwa gari la polisi. Alikwenda akiuliza nani atamwambia mkewe.

Msaidizi naye alihojiwa, maana alikuwa amegombana na mtafiti, akitaka kuhamia kampuni ya mbegu.

"Nilitaka kuhama, Shangazi, sikutaka kujichoma," alisema, machozi yakimlengalenga. "Shahada yangu ndiyo hiyo unayoiona imekauka."

Shangazi akamrudia mtafiti. "Jana ulitoka mbio kwenda wapi?"

"Nyumbani. Mume wangu aliniambia binti yetu ana homa. Nikafika, nikamgusa paji la uso, nikaona hana moto. Nikarudi."

"Hukukaa naye?"

"Tangu tumzike kaka yake, Shangazi, mimi nalala hapa kazini, ofisini."

Alilisema hilo bila kutikisika, macho yake yakiwa kwenye mabua.

Kesho yake asubuhi Shangazi alibisha hodi nyumbani kwao. Muuguzi alikuwa amepiga magoti, akimsafisha binti yake kidonda cha goti.

"Homa imepoa, mjukuu wangu?"

"Sina homa mimi," mtoto alisema. "Nilianguka tu. Na baba anapuliza vibaya."

Muuguzi hakuinua uso. Alipomaliza, aliifumbata pamba kiganjani, akavua glavu kwa kuigeuza juu yake, kisha ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Umezoea," Shangazi alisema.

"Ndivyo tunavyofundishwa wodini. Uchafu wa mgonjwa usimguse mwingine."

Moyo wa Shangazi ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba. "Mpeleke mtoto chekechea, baba. Kisha uje bandani."

Walisimama watatu kati ya mabua makavu. Shangazi akatoa kile kifundo cha glavu.

"Kitendawili," alisema kwa sauti ya chini. Hakuna aliyejibu tega. "Nimeingia bila kuvunja mlango, nimeua wote bila kumgusa hata mmoja."

"Harufu," muuguzi alijibu. "Usiendelee, Shangazi. Ni mimi. Mzee wa watu mwachieni."

Mtafiti akamgeukia polepole. "Wewe?"

"Ulinieleza mwenyewe swichi yako, marehemu mtoto wetu akiwa hai, tukicheka mezani. Juzi nikakudanganya utoke, nikaweka bakuli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu una mtoto mwingine! Anamwita jirani mama. Nilikuja na chakula kila jioni nikakuomba, ukaniambia mahindi hayajakomaa. Nikasema yakifa haya, utarudi. Na juzi ulipokimbia nikasita. Nikasema ukikaa naye usiku huu, ninaondoa bakuli." Akaunyoshea mlango kidole. "Ukarudi hapa hata chakula hakijapoa."

Mtafiti alilishika bua moja, likavunjika mkononi mwake.

"Hukujua nani aliyapanda," alisema. "Nilimleta humu marehemu mwanetu, wiki ile kabla hajalazwa. Kila shimo alilitoboa yeye kwa kidole, akiyahesabu, akikosea, anaanza upya. Sikuwa na kitu kingine alichokigusa kikawa bado kinakua."

Muuguzi akakaa chini kwenye udongo, mtu mzima, akalia kwa sauti.

Shangazi alimwacha alie. Kisha akampigia askari simu kwamba Mzee Tochi aachiwe, akamshika muuguzi begani. "Simama, baba. Lazima twende kituoni."

Akasimama, akajifuta. Mlangoni akageuka ghafla.

"Mtoto anatoka saa sita," alimwambia mkewe. "Nani atamchukua?"

Mtafiti aliitazama mikono yake iliyojaa udongo.

"Mimi. Nieleze njia."

"Nyuma ya zahanati, geti la kijani. Ila mwalimu wake hakujui. Hamtoi mtoto kwa mtu asiyemjua."

"Nimwambie mimi ni nani?"

"Mwambie wewe ni mama yake," muuguzi alisema. "Asipokuamini, mngoje hapo hapo getini, mpaka mtoto mwenyewe akuone."