Kamera ya Kuinamiwa

Mwanzo wake ulikuwa jambo dogo, la kuchekesha hata. Ndani ya kioo cha kamera, Nagwa aligeuza shingo. Lutfi alipoinua macho, mkewe alikuwa bado anatazama mbele, tumbo lake la miezi minane limemjaa mapajani, anauliza kama wamemaliza au bado. Ndipo akageuza shingo.

Lutfi alijiambia ni ugeni wa mkono. Kamera ile ya kizamani ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kutazamia, la chini la kupigia picha. Mwenye kuitumia huiegemeza tumboni, hufungua kifuniko cha juu, kisha huinamisha kichwa kutazama kioo kilichomo, kama mtu anayechungulia kisima. Na kioo hicho hugeuza mambo, cha kulia kikaonekana kushoto, hata ukimfuata mtu unajikuta unamkimbia. Kwa siku nyingi Lutfi alimkata Nagwa vipande, mara sikio, mara bega, na Nagwa akawa anamwambia kwamba mtoto atazaliwa, atasoma, ataoa, na baba yake bado anatafuta kulia ni wapi.

Lakini alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Mimba zilizotangulia zote zilitoka. Hii ilipokaa, Lutfi aliapa kwamba sherehe ya siku ya saba ya mtoto itapigwa picha ya filamu, picha ya kushikwa mkononi, si hizi za simu zinazopotea simu ikitumbukia chooni. Ndiyo maana akaenda Attarin, mtaa wa wauza vya kale hapo Iskandaria, akaikuta kamera kwenye rafu ya nyuma, imegeuziwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Muuzaji hakubishana bei hata kidogo. Muuzaji wa Attarin asiyebishana! Hapo tu Lutfi angeshtuka.

"Chukua, bwana mhandisi," alimwambia, huku akiifunga haraka kwenye gazeti. "Ila kila ukiinama, taja jina la Mungu kwanza. Wenzako hawakutaja."

Lutfi, ambaye hakuwa mhandisi wa chochote bali fundi wa miwani, alicheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajisemea, akabeba mzigo wake. Hakutaja jina la Mungu siku ile wala zilizofuata. Kuna watu hawaambiliki mpaka waone, na wakiona huwa wamechelewa.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kugombana na mtaa. Mama yake Nagwa, Hajjati Inshirah, alihamia na mito yake na amri zake. Ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto asipigwe picha kabla ya siku ya saba, kabla chumvi haijamwagwa nyumbani, kwa kuwa mtoto wa siku chache bado yuko mlangoni, hajawa wetu. Lutfi aliitikia, ndiyo mama, sawa mama. Kisha alasiri moja, siku mbili kabla ya sherehe, wanawake wamelala baada ya chakula, akachukua kamera akaenda kwenye kitanda cha mtoto.

Aliinama. Ukutani nyuma ya kitanda kulikuwa na kalenda, na maandishi yake ndani ya kioo yalisomeka sawasawa, hayakugeuka. Akafurahi, mjinga yule, akadhani jicho lake limezoea. Kioo hakizoei. Kisha akasikia harufu ya nywele zilizoungua, na kwenye kioo akaona mkono umeshika ukingo wa kitanda, mkono mrefu wenye kiungo kimoja cha ziada kila kidole, akainua macho hapakuwa na mkono, akainama tena na mkono ulikuwa umesogea karibu na kichwa cha mtoto, na alipotaka kupiga kelele shingo yake ikazidi kuinama yenyewe, chini, chini zaidi, kana kwamba kiganja kizito kimewekwa kisogoni, na kidole chake kikabonyeza.

Tak, ikalia kamera. Na kutoka upande wa pili wa kitanda, mahali pasipo na mtu, ikajibu tak nyingine.

Tangu saa hiyo mtoto aliacha kulia, akaacha na kunyonya. Nagwa alimwekea ziwa mdomoni na maziwa yakatiririka shingoni. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa anaouona, warudi naye kesho yake. Lutfi alijua. Akakimbiza filamu kwa msafishaji picha, na yule bwana alipomkabidhi bahasha alimuuliza nani alikuwa akimpiga picha.

Maana Nagwa hakuwamo, wala mtoto hakuwa peke yake. Kila picha ilikuwa ya Lutfi, amepigwa kutoka mbele, kutoka pale alipokuwa ameketi mkewe. Amesimama na kamera tumboni, kichwa ameinamisha. Katika ya kwanza aliinama kidogo, katika iliyofuata zaidi, na katika ya mwisho alikuwa kifudifudi, paji la uso sakafuni, mbele ya mtu aliyeonekana pindo la vazi tu. Kati yao alilazwa mtoto.

Hajjati Inshirah hakupoteza muda kulaumu, ingawa alikuwa na haki. Alimwita Bi Nabawiya, mganga wa mtaa wa Bahari, mama mfupi mwenye bangili mpaka viwikoni. Bi Nabawiya alizitazama picha, akatema mate pembeni.

"Umemwinamia mara ngapi?"

"Nilikuwa napiga picha, Bibi," Lutfi alinong'ona.

"Sikukuuliza ulikuwa unafanya nini. Huyu ni wa ukoo wa yule aliyeambiwa amsujudie Adamu akakataa. Leo mwana wa Adamu anamwinamia, kwa hiari yake, tena kwa adabu, kimya. Wewe unaita picha. Yeye anaita ibada. Na anayeabudiwa huletewa sadaka, mwanangu. Mara ya mwisho ulimpelekea nini?"

Lutfi alitazama kitanda cha mtoto.

Dawa aliyoisema Bi Nabawiya ilikuwa moja: Lutfi amtazame jini yule ndani ya kioo cha kamera bila kuinamisha shingo hata unywele, mpaka jini ndiye ainame. Hapo ndipo kujifunza kwa Lutfi kulipomfaa. Aliwahi kusikia kwamba wapiga picha wa zamani, wakizibwa na umati, waliipindua kamera hii juu chini, wakaiinua juu ya vichwa vyao, wakatazama kioo kwa kuinua uso.

Siku ya saba ikafika. Mtoto alilazwa ndani ya chekeche katikati ya sebule, Nagwa akamruka kama ilivyo desturi ya siku hiyo, huku machozi yanamtoka, Hajjati akatwanga kinu cha shaba sikioni mwa mjukuu, akimwambia kama wanavyoambiwa watoto wote wa Misri, msikilize mama yako, usimsikilize baba yako, na safari hii hakuna aliyecheka. Bi Nabawiya akamwaga chumvi. Lutfi akaipindua kamera, akainyanyua, akainua uso, akaona humo kiumbe kinaning'inia kichwa chini, nywele zinafagia sakafu, macho yamekitoka kwa hasira, na harufu ya kuungua ikajaa nyumba, na shingo ya Lutfi ikavutwa chini kwa nguvu ya ng'ombe, mifupa ikalia, na yeye akaikaza, akaikaza huku analia kama mtoto, mpaka kidevu cha kiumbe kwenye kioo kikashuka kifuani kikatulia, akabonyeza.

Mtoto akapiga kelele. Nagwa akamnyakua, naye akanyonya kama anayefungua swaumu.

Kamera ilitupwa baharini, nyuma ya mawe makubwa ya kukingia mawimbi. Bi Nabawiya alikataa mughat, kinywaji cha moto cha sherehe ya mtoto, alichoandaliwa, akavaa viatu.

"Nimemtoa nyumbani kwake, sikumtoa duniani," alimwambia Lutfi. "Usimwinamie mwanao tena. Ainuliwe, aletwe usoni mwako. Ukimwinamia hata mara moja, umemwita."

Lutfi alilishika onyo hilo. Jirani walimwona baba mwenye maringo, asiyembusu mwanawe kitandani.

Adhuhuri moja Hajjati alikuwa sokoni na Nagwa bafuni. Mtoto alipaliwa na maziwa. Lutfi alifika kitandani shingo wima, akapapasa kwa mikono, akagusa shuka, akagusa mto, akamwita Nagwa, maji yakawa yanaendelea kumwagika bafuni, akapiga goti huku anatazama ukuta, akapapasa tena, na sauti ya mtoto ikakatika. Baba gani angengoja? Aliinama.

Alimnyanyua, akampiga mgongoni, maziwa yakatoka, pumzi ikarudi. Lutfi alimkumbatia akilia kwa furaha.

Chini ya kitanda kikalia kitu. Tak.

Mtoto alinyamaza. Alimtazama baba yake usoni, macho makavu. Kisha kwa shingo ile ambayo bado haikuweza hata kujibeba, akateremsha kidevu polepole, mara moja tu, kama mkubwa anayepokea heshima aliyokuwa akiidai.