Siku Arobaini na Tatu Nilizomdanganya Baba Mkwe

— Baba, siku daraja lilipofunikwa na maji, wewe umeandika mvua milimita mbili. Mbili tu!

Mchumba wangu alilisukuma daftari mezani. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa akipanda mlimani kila asubuhi kusoma kipimamvua cha shule. Miaka kumi na tisa! Binti alizitegemea namba zile kwenye utafiti wake chuoni: je, mafuriko yanazidi kwa sababu mvua zimebadilika, au kwa sababu watu wamefyeka mlima?

— Huenda ni macho yangu, mwanangu, mzee alijibu taratibu.

— Nimeshaandika kwamba mvua ilikuwa ndogo, kosa lote ni la wanaolima mlimani. Watahamishwa, baba! Kama huoni, si ungesema?

Mzee akainamisha kichwa. Mimi nilikaa pembeni, nikijifanya nakunywa chai.

Miezi michache kabla ya hapo, mgongo ulipomkamata, mzee aliniomba nimpandie mlima kusoma kipimamvua. “Usimwambie mwenzako, ataacha masomo aje kuniuguza.” Nikakubali. Siku ya tatu uvivu ukanishika. Tangu hapo, kila asubuhi nikiwa bado kitandani, nilikuwa namtumia ujumbe:

“Shikamoo baba. Leo milimita 2.”

“Marahaba mwanangu. Asante kwa kuhangaika.”

Naye akaiandika daftarini, kwa mkono wake.

— Si macho ya baba, nilisema sasa pale mezani. Ni mimi. Sikupanda. Nilibuni.

— Siku ngapi?

— Arobaini na tatu.

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

— Umekaa hapo, ukanisikiliza nikimwita baba yangu kipofu?

Akamgeukia mzee.

— Na wewe ulijua?

— Nilijua nani alinipa namba. Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa nilisimama chuoni, mbele ya maprofesa na wawakilishi wa wakulima, nikarudia yote. Mama mmoja mkulima akainuka.

— Kijana, yaani nyumba yangu ilikuwa ibomolewe kwa sababu ya usingizi wako?

— Ndiyo, mama. Naomba unisamehe.

— Ngoja kwanza nikutazame vizuri.

Akanitazama mpaka nikashusha macho.

Siku zile arobaini na tatu zilifutwa. Mpango wa kuwahamisha watu ukasimamishwa mpaka utafiti urudiwe, na mchumba wangu akapoteza mwaka mzima wa masomo.

Nje nilimkuta akifunga begi lake.

— Harusi je? niliuliza.

— Sijaivunja. Ila kwa sasa naona aibu hata kuonekana na wewe.

— Nikubebee begi?

— Usiniguse.

Akatangulia. Nikamfuata hatua kumi nyuma, kichwa chini. Hakugeuka, lakini hakunifukuza.