Daftari Lililovuka Barabara

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, utingo akilipiga ubavuni kwa kiganja, mshonaji alipomwona mtu wake dirishani. Hakumfuata yeye, alikuja kupakia kifurushi cha magauni ya harusi. Lakini pale kiti cha tatu, ndani ya shati la bluu alilolishona mwenyewe, alikaa fundi wa kompyuta ambaye hawakuwa wamesemezana naye kwa wiki tatu.

Akampa utingo kifurushi, akatoa simu, akapiga. Akamwona akiitazama, akisita, akipokea.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Kampuni moja imenichukua. Si ulisema nisikanyage dukani kwako?"

"Nilisema. Ulikuwa umenichoma moyo."

Kilichomchoma ni hiki. Fundi alimtengenezea programu ya vipimo kwa kutumia vifaa vya bure vya mtandaoni, vile ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuvichukua, kuvirekebisha na kuvigawa. Mabega, vifua, mapaja, yote yakahama kutoka kwenye daftari lililolowa chai. Walikaa ubavu kwa ubavu, mmoja akieleza kazi, mwingine akiandika, na kabla programu haijaisha walikuwa wameshapendana. Kwa utani, mshonaji akamwamuru aandike juu ya kisanduku cha kiuno: "Pumua, usinidanganye."

Siku moja mshonaji akavuka barabara kwenda kuazima pasi kwa mshonaji wa pili, mpinzani wake wa miaka sita, yule mwenye kope za kubandika. Kwenye kompyuta ya yule mama akayakuta maneno yaleyale: "Pumua, usinidanganye." Akajua wateja wake wote, kiuno kwa kiuno, wamegawiwa. Hakuuliza. Alimporomoshea fundi maneno, akamfungia mlango.

Asubuhi ya leo alipobonyeza kusasisha programu, akakuta nafasi ya kuandika bega la kushoto na la kulia mbalimbali, jambo alilolililia tangu mwanzo. Aliyeiongeza ni fundi wa sare wa mji mwingine, mtu asiyemjua kabisa. Chini palikuwa na orodha ya waliochangia, na wa kwanza aliandikwa: "Mshonaji wa duka la kona, mwenye wazo."

Shangazi yake, anayetia vifungo pale dukani, akavaa miwani akasoma.

"Kwa hiyo alichogawa ni programu yenyewe, daftari tupu. Wateja wako wamo humuhumu kwenye mashine yako. Wewe mtoto wewe, umefukuza mwanamume kwa daftari tupu!"

Sasa mshonaji alitembea sambamba na basi, kanga ikimvuka begani.

"Nimeiona orodha," akasema.

Fundi akasogeza uso dirishani. "Nilikosea. Nilichukua kazi za wenzangu bure, nikaona nami nirudishe. Lakini wazo lilikuwa lako. Ningekuomba kwanza."

"Ungeniomba. Na mimi ningeuliza. Haya, shuka."

"Mizigo yangu iko chini ya basi!"

"Iende."

"Nguo zangu zote, mpenzi!"

"Vipimo vyako ninavyo, bwana wee. Ila kiuno kimeongezeka, nakiona mpaka huku."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma, aliyekuwa akisikiliza bila haya, akamgonga begani. "Kaka, shuka basi, tunachelewa."

Akashuka basi likitambaa, nusura ajikwae. Wakasimama katikati ya moshi na makelele ya wapiga debe, simu zingali masikioni.

"Nikibaki, nabaki kama nani?" akauliza.

"Kama mume. Hutaki, basi bado halijakata kona."

Fundi akakata simu, akamshika mkono.

Magauni yalifika salama na bibi harusi aliyapenda. Mizigo ilirudi siku ya nne, bila viatu. Kampuni ilichukua mtu mwingine. Wawili hao walioana baada ya miezi mitano. Fundi hufunga programu za bure kwenye maduka madogo ya mtaa ule, na siku hizi huomba ruhusa kwanza. Mama wa kope bado ni mpinzani, na ndiye aliyesahihisha hesabu ya marinda ya sketi kwenye programu. Shangazi alipasuliwa jicho moja, anaona vizuri, na bado anatia vifungo.